Usiku wa Ijumaa, Nakuru hadi Kisumu

Saa sita usiku stesheni ya Nakuru huwa na baridi ya kung'ata masikio. Tulikuwa wachache, wengi tumejifunika mashuka ya Kimaasai, tukisubiri treni iliyotoka Nairobi jioni ile ikielekea Kisumu. Matatu ingenifikisha upesi zaidi, najua. Lakini tangu treni ya abiria irudishwe kwenye njia hii Desemba 2021, baada ya zaidi ya shilingi bilioni 3 kumwagwa kwenye reli ya zamani, nimekuwa nikisema nitaipanda, na Ijumaa hii sikuwa na kisingizio.

Kiti cha pili kilikaliwa na mama aliyebeba magunia matupu yaliyokunjwa vizuri kama nguo za Jumapili. Anauza omena, dagaa wa Ziwa Victoria, mjini Nakuru. "Kijana wangu, sogeza hayo magoti nipitishe mzigo," akasema, na kabla hatujafika Njoro nilikuwa nakunywa chai ya thermosi yake.

Hesabu zake zilinivutia kuliko gari lenyewe. Treni inashuka Kisumu Ijumaa usiku, inapanda Jumapili jioni. Kwa hiyo Jumamosi anazunguka ufukweni akilinganisha bei za gorogoro, lile kopo la kupimia, na Jumapili, siku ambayo soko la Kibuye hufurika watu, anamalizia ununuzi kisha anarudi kupanda. Safari yake inafuata ratiba, na ratiba imemkubali. Kuanzia Aprili hadi Julai hasafiri, maana uvuvi wa omena hufungwa ili dagaa wazaane. "Miezi hiyo reli ni ya wageni," akacheka.

Elburgon, Molo, kisha Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari. Hapo mazungumzo yalikatika yenyewe. Kila mtu alikunja miguu na kujificha ndani ya shuka. Nje ilikuwa giza tupu, na behewa likipinda kushoto, kulia, kushoto tena, kwa mwendo wa mtu anayetafuta ufunguo gizani. Reli hii ni ile ile nyembamba ya mita moja. Mafundi wameimarisha njia, hawakuinyoosha, na mlima haukuondoka. Atakayetaka kasi ya treni ya Mombasa atakata tamaa mapema.

Nililala Londiani, nikaamka mwanga ukianza kupenya. Baridi ilikuwa imebaki juu. Muhoroni, Chemelil, Miwani: miwa upande huu, miwa upande ule, na joto linaloingia dirishani taratibu hadi unavua sweta bila kufikiri. Watoto walipunga mikono. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe hakutuangalia kabisa.

Reli ilifika hapa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, na mji wa Kisumu ulikua kwa sababu mizigo ilihitaji kushuka kwenye mabehewa na kupanda meli. Ndiyo maana bandari iko karibu sana na stesheni. Meli ya MV Uhuru ina reli kwenye sitaha yake. Mabehewa 22 yanaingia ndani kama ng'ombe zizini na kuvuka hadi Port Bell, Uganda. Ilikaa miaka mingi bila kazi, ikakarabatiwa wakati bandari nayo ikifufuliwa mwaka 2019, na siku hizi husafirisha mafuta. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo pesa iko. Abiria wa wikendi ni mapambo mazuri, lakini mji utapata riziki kwa mzigo unaoenda na kurudi kila siku.

Tulishuka. Mama alisimama akanionyesha kwa kidevu upande wa ziwa. Alikuwa na rafiki pale aliyeuza samaki wa kukaanga, kibanda cha mabati karibu na reli. Vibanda hivyo vilibomolewa 2019 ardhi ya reli ilipohitajika. "Alihamia mtaa wa Nyalenda. Wateja hawakuhama naye." Alisema bila uchungu, kama anayetaja bei ya jana.

Nje ya lango bodaboda walitushambulia. Wa kwanza alitaka shilingi 200 kumpeleka mama Kibuye na magunia matupu. Mia mbili! Mama alimtazama kama mtu aliyemtukania ukoo.

"Na Jumapili yakiwa yamejaa?"

"Hapo ni mkokoteni, mathe. Mia nne."

Aliyahesabu magunia yake upya: matano. Aliniambia kwamba mwezi uliopita, kutoka sokoni hadi stesheni, mkokoteni ulikula karibu faida ya gunia zima, na hakuna behewa la kulipia hilo. Kisha akayafunga kwa kamba, akayatwika kichwani, akavuka barabara kwa miguu.

"Jumapili uje mapema," alinipigia kelele kutoka ng'ambo. "Viti vya dirishani huisha."