Viziwi sita kati ya kumi na mmoja: tulivyobadilisha bodi ya chuo chetu

Kamati ndogo niliyokuwa katibu wake ilipewa kazi moja: kuandika upya katiba ya bodi ya chuo chetu, chuo cha ufundi cha viziwi huku Nyanda za Juu Kusini, ili viziwi wenyewe wawe na kauli. Mimi ni kiziwi, na vikao nilivyokalia vilishanionyesha kwamba kupewa kiti ni jambo moja, kusikilizwa ni jingine. Naandika tulivyofanya kwa ajili ya wenzetu wa Mbeya, Njombe, Songea na kwingineko wenye shule, chuo au chama kinachotaka mabadiliko ya namna hii.

Tulianza na mfano wa Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kilichoko Washington, Marekani. Kilipata mamlaka ya kutoa shahada mwaka 1864, kwa sheria iliyotiwa saini na Abraham Lincoln, lakini kwa miaka 124 hakikuwahi kuongozwa na kiziwi. Machi 1988 bodi yake ya watu 21, ambamo viziwi walikuwa 4 tu, ilimteua kuwa rais wa chuo Elisabeth Zinser, anayesikia na asiyejua lugha ya alama, ilhali wagombea wengine wawili wa hatua ya mwisho walikuwa viziwi. Wanafunzi walifunga mageti na kutoa madai manne: Zinser aondoke na nafasi apewe kiziwi, mwenyekiti wa bodi ajiuzulu, viziwi wawe asilimia 51 ya bodi, na asiadhibiwe mtu kwa kuandamana. Wiki moja ilitosha. I. King Jordan akawa rais, na Philip Bravin akawa kiziwi wa kwanza kuwa mwenyekiti wa bodi.

Watu wengi husimulia mpaka hapo wakanyamaza. Mwaka 2006 chuo hichohicho, sasa kikiwa na bodi ya viziwi wengi, kilimteua Jane Fernandes, naye kiziwi, na wanafunzi wakaandamana tena. Lalamiko kubwa lilikuwa namna alivyopatikana. Zaidi ya watu mia moja walikamatwa, na Oktoba 29 bodi ikafuta uteuzi wake. Mwaka uliofuata chombo cha ithibati, kinachothibitisha ubora wa vyuo, kikakiweka chuo chini ya uangalizi, na utawala ukawa miongoni mwa mambo yaliyohojiwa. Kwa hiyo tulipokaa kuandika, tulitumia muda mfupi kwenye idadi ya viti na muda mrefu kwenye utaratibu.

Idadi yenyewe ina mtego. Bodi ya watu 12 yenye viziwi 6 haina viziwi wengi, ina nusu kwa nusu, na kura zikilingana anayeamua ni mwenyekiti. Tulichagua 11, viziwi 6. Kisha tukakuta mtego wa pili kwenye akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali. Katiba ya zamani ilisema zaidi ya nusu. Kwa watu 11, hiyo ni 6, maana yake wanaosikia watano na kiziwi mmoja wangeweza kufanya kikao halali na kupitisha chochote. Rasimu yetu ya kwanza iliweka akidi ya 7, wakiwemo viziwi 4. Mjumbe mmoja fundi wa hesabu akaonyesha kwamba bado haitoshi: wakija viziwi 4 na wanaosikia 5, akidi imetimia na viziwi ni wachache. Kifungu kilichopitishwa mwishoni kinasema waliohudhuria wasipungue 7, na viziwi waliopo wawe wengi kuliko wanaosikia. Ili mtu asikae nyumbani makusudi kuua kikao, tuliongeza kwamba akidi ikikosekana, kikao kinaitishwa tena ndani ya siku 14 kwa ajenda zilezile tu, na watakaofika ndio akidi.

Kamati ya fedha nayo iangalieni. Maamuzi mazito hupikwa huko, bodi inaletewa kilichokwisha kuiva. Tuliandika kwamba kila kamati iwe na viziwi wengi, na kamati ya fedha isiongozwe na mtu yuleyule zaidi ya kipindi kimoja cha miaka mitatu. Mtaambiwa hakuna viziwi wenye sifa. Tuliwapata kwa wahitimu wa chuo wenye karakana zao, kwa walimu viziwi na kupitia CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Fundi cherehani anayelipa kodi ya fremu na mishahara ya vijana watatu anajua kusoma taarifa ya mapato na matumizi kuliko baadhi ya waheshimiwa.

Sasa mwenendo wa kikao, ambako ndiko tulikopata shida na pia faida kubwa. Mkalimani huwa nyuma ya msemaji kwa sekunde kadhaa. Kiziwi anapoinua mkono, hoja imeshafungwa na watu wako kwenye yatokanayo. Kanuni yetu: anayetaka kusema anainua mkono, anasubiri mwenyekiti amwonyeshe kwa kidole, anasubiri macho yote yamgeukie, ndipo aanze. Kabla ya kufunga hoja, mwenyekiti anahesabu kimoyomoyo mpaka kumi huku akizungusha macho mezani. Kwa wanaosikia ukimya huo huwa mzito mwanzoni, wengine wanakohoa. Watazoea.

Kabrasha, yaani nyaraka za kikao, halisomwi kikaoni wakati mtu anaongea, kwa sababu macho ya kiziwi hayawezi kuwa kwenye karatasi na kwa mkalimani kwa wakati mmoja. Linatumwa siku 7 kabla, na likibidi kusomwa mezani, mwenyekiti anasimamisha mazungumzo kwa dakika anazozitaja, kisha kikao kinaendelea. Viti viwe umbo la kiatu cha farasi, meza ndefu ya mkutano itolewe, maana aliye upande wako huwezi kumwona mikono. Asiketi mtu wala mkalimani akiwa na dirisha mgongoni: anageuka kivuli. Miezi ya Juni na Julai, ukungu unapotanda na madirisha yamefungwa kwa baridi, taa ziwashwe hata saa nne asubuhi, na taa za kuchaji ziwe tayari umeme ukikatika. (Wajumbe wa Makete na Njombe wana tabia ya kuficha mikono kwenye makoti. Kwa kikao cha viziwi hiyo ni sawa na kuziba mdomo. Wekeni jiko la mkaa nje ya mlango watu wapashe mikono kabla ya kuingia, lisiingizwe ndani, gesi yake isiyoonekana inaua.)

Wakalimani wawe wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Anayetafsiri peke yake kwa saa tatu anaanza kufupisha bila kujua, na wa kwanza kufupishiwa ni kiziwi. Wapeni kabrasha mapema kama mjumbe yeyote. Kosa lililozoeleka, kwa kuwa ni bure, ni kumtumia mwalimu wa chuo. Mwalimu huyo anaajiriwa na kusimamiwa na mkuu wa chuo. Siku bodi inapojadili utendaji wa mkuu, mtafsiri wenu amekaa mbele ya bosi wake, na kila neno kali litatoka limelainishwa. Kwa kikao cha tathmini, cha nidhamu na cha fedha tuliandika kwamba wakalimani watoke nje ya chuo. Kumtoa mtu Mbeya mjini mpaka Njombe ni safari ya kupitia Makambako, hivyo hesabuni nauli, malazi na posho ya siku mbili.

Kumpata mkuu wa chuo tulipanga hivi: jaribio la lugha ya alama linatangulia usaili. Jopo la viziwi watatu, mmoja akiwa mwanafunzi, linakaa na mwombaji bila mkalimani. Anaeleza ukurasa mmoja wa bajeti, kisha anasikiliza malalamiko ya mwanafunzi kuhusu bweni na kuyarudia kwa usahihi. Alama zinafungwa kwenye bahasha kabla jopo halijaona vyeti. Anayesema “nitajifunza nikishaajiriwa” hapiti kwenye nafasi hii. Kwa mhasibu au mtunza stoo tuliruhusu miezi 12 na jaribio mwishoni. Kila anayeachwa, sababu yake inaandikwa, na hatua zote na tarehe zake zinabandikwa ubaoni na kuelezwa kwa alama mbele ya wanafunzi. Wakiuliza mnapata wapi nguvu hiyo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ibara ya 24 inataka waajiriwe walimu wanaoimudu lugha ya alama. Anayewaongoza walimu hao hawezi kuwa chini yao.

Muhtasari uandikwe kwa sentensi fupi, na maamuzi yarekodiwe kwa alama kwenye simu, video isiyozidi dakika nane, bando la watu lisiishe. Mjumbe kiziwi anathibitisha video na maandishi yanalingana kabla ya saini.

Wazee waanzilishi ndio watakaowasumbua, na hapo katiba haisaidii. Msiwaandikie barua. Sisi tulituma wajumbe wawili nyumbani kwa mwenyekiti wa zamani, mmoja kiziwi na mmoja anayesikia, wakasalimia kamwene, wakakaa, na chai ilipokwisha ndipo wakasema: “Mzee, chuo ni chako. Tunaomba utulee.” Akawa mlezi: anaalikwa kwenye mahafali, anapewa taarifa ya mwaka, hana kura. Msibadilishe wajumbe wote kwa mkupuo pia. Theluthi moja kila mwaka inatosha, la sivyo hakuna anayekumbuka mkopo wa trekta ulikubaliwa kwa masharti gani.

Kama chuo kina bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, mabadiliko ya wadhamini yanapelekwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, pamoja na muhtasari wa kikao kilichoyapitisha. Msianze kutumia majina mapya benki kabla ya hapo. Na katika bajeti, fungu la ukalimani liwekeni juu ya posho za wajumbe. Likikaa chini ndilo linalokatwa kwanza fedha zikipungua, na kikao kinachofuata kinarudi kuwa cha wanaosikia, hata viziwi wawe sita.