Nchi Gani Ziingie Kwenye Sala za Waamini

Jumamosi jioni ni zamu yangu ya kuandika sala za waamini, yale maombi mafupi yanayosomwa kwenye Misa na watu wakaitikia. Vitabu vyenye sala zilizokwisha andaliwa vipo, lakini paroko wetu anapenda ziandikwe upya kila juma, ziendane na masomo ya Dominika na yanayotokea duniani. Hilo la pili ndilo linalonitesa. Kuliombea Kanisa, Baba Mtakatifu Leo XIV, maaskofu na mapadre hakuna taabu. Nikifika kwenye dunia, kalamu inagoma.

Kwa muda mrefu sehemu hiyo tulikuwa tunaimaliza kwa kauli moja: tuombee amani duniani. Watu wanaitikia, tunakwenda kwenye vipaji, yaani matoleo. Sina ugomvi na maneno hayo. Ila yanaweza kusemwa Dominika yoyote ya mwaka wowote, na anayeyasema hahitaji kumkumbuka mtu yeyote.

Hivi karibuni nikaamua kutaja: Sudan, Gaza, Ukraina, mashariki mwa Kongo. Baada ya Misa mzee mmoja ninayemheshimu sana akanishika mkono mlangoni. "Mwanangu, mbona siku hizi mnatuletea siasa altareni?" Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. Nikamwambia, "Nimekusikia, mzee wangu," nikaondoka nalo kichwani.

Lawama hiyo ina zaidi ya karne. Papa Benedikto XV alichaguliwa Septemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Tarehe 1 Agosti 1917 aliwaandikia viongozi wa nchi zilizokuwa zinapigana, akawapa mapendekezo ya wazi: wapunguze silaha, wakubali usuluhishi, warudishe maeneo waliyoyateka. Vita yenyewe akaiita mauaji yasiyo na faida. Hawakumsikiliza. Wafaransa walimwona ni Papa wa Wajerumani, na Wajerumani wakamwona ni Papa wa Wafaransa.

Barua yake wachache wanaikumbuka. Alichokifanya kwenye sala, bado tunaishi nacho. Mwaka 1915, maiti zikiwa zimejaa mahandaki ya Ulaya, aliwaruhusu mapadre wote kuadhimisha Misa tatu siku ya Marehemu Wote, na ruhusa hiyo ipo mpaka leo. Mwaka 1917 akaagiza jina "Malkia wa amani" liingie kwenye Litania ya Bikira Maria, ile sala ya kumwita Maria kwa majina yake mengi. Miaka 103 baadaye, 2020, Papa Fransisko akaongeza mengine matatu, mojawapo likimwita Maria faraja ya wahamiaji. Sisi tunaoisali litania mwishoni mwa rozari, usingizi umeshatushika, tunapita juu ya mahandaki yale na juu ya mashua za Mediteranea na wala hatujui.

Huyu Fransisko ndiye aliyenifundisha kutaja. Tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, karibu kila jioni alikuwa anaipigia simu parokia ya Familia Takatifu, parokia pekee ya Kilatini huko, yaani ya Wakatoliki wa madhehebu ya Roma kama sisi, ambako mamia ya watu walikuwa wamejihifadhi. Anawauliza wako salama? Wamekula nini leo? Hata alipolazwa hospitali ya Gemelli mwanzoni mwa 2025, mapafu yote mawili yakiwa na nimonia, hakuacha kuwapigia. Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi Kuu, tarehe 19 Aprili. Jumatatu ya Pasaka akafariki dunia. Ninavyoona mimi, kuuliza watu wamekula nini ni sala kamili, na inazidi hotuba nyingi za amani nilizowahi kusikia, zake mwenyewe zikiwemo.

Tarehe 17 Julai mwaka huohuo kanisa lilelile lilipigwa. Watu watatu walikufa, na paroko akajeruhiwa mguuni. Dominika iliyofuata, kwenye sala ya Malaika wa Bwana, Papa Leo XIV aliwataja wale watatu mmoja mmoja, kwa majina yao kamili. Kabla ya kumaliza juma jingine, zikaja habari za Komanda, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo: waamini waliokuwa kwenye mkesha wa sala parokiani walivamiwa na kundi la waasi la ADF, na zaidi ya watu 30 wakauawa. Habari hiyo ilipita kwenye simu yangu katikati ya matokeo ya mpira, na kesho yake ilikuwa imeshazama. Kama haikutajwa kanisani, itatajwa wapi?

Hata hivyo mzee wangu hajakosea kabisa. Zipo sala za waamini ambazo ni hotuba iliyovaa kanzu. "Tumwombee kiongozi fulani aache ukaidi wake." Hapo hatuombi, tunamsema mtu mbele ya Mungu kwa matumaini kwamba waliokaa benchi la nyuma watatuunga mkono. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, uliporudisha sala hizi mwaka 1963 ulisema ziombe kwa ajili ya Kanisa, watawala, wenye shida mbalimbali, na wokovu wa ulimwengu mzima. Watawala wamo, tena wamo tangu barua ya kwanza kwa Timoteo, wakati wafalme wenyewe walikuwa wapagani. Lakini tumeambiwa tuwaombee, hatukuambiwa tuwape maelekezo.

Basi nataja wanaoumia na mahali walipo, na lawama namwachia Mungu. Nikiandika hivyo najisikia mwenye busara, halafu nakumbuka Ijumaa Kuu ya 2022. Njia ya Msalaba kule Colosseum, kituo cha 13: mwanamke wa Ukraina na mwanamke wa Urusi, marafiki, walipangwa kuubeba msalaba pamoja. Waukraina wengi waliumia. Askofu wao mkuu alisema wazi kwamba wakati wake haujafika, kwa sababu alama ile ilimweka aliyevamiwa kwenye mizani moja na nchi ya mvamizi. Wale kina mama waliubeba hivyohivyo, lakini tafakari ya kituo kile ikafupishwa, watu wakaalikwa kukaa kimya wakisali. Nimelifikiria sana tukio hilo. Kuacha kumtaja mvamizi nako ni kuchukua upande, ukiwa wewe ndiye uliyevamiwa. Sina jibu, na sidhani linapatikana kwenye karatasi ya mistari mitano.

Halafu kuna tatizo dogo zaidi, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi. Dada mmoja wa kwaya ana ndugu Myanmar. Aliniuliza kwa upole sana kwa nini kwao hakutajwi kamwe. Nikabaki sina la kusema, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba taarifa ya habari ya jana haikupataja. Kumbe orodha yangu ya sala ilikuwa inapangwa na mhariri wa televisheni! Nikiongeza Myanmar, aliyetoka Haiti atauliza, na atakuwa na haki. Sala za waamini zikifika dakika kumi, watoto wanaanza kulia na padre anaanza kuangalia saa.

Wiki hii nimeandika hivi: "Tuwaombee watu wa Sudan na wa Myanmar, na wa kila nchi tunayoitaja sasa mioyoni mwetu. Waliouawa wapumzike kwa amani, waliokimbia wapate pa kulala, na wanaoamuru vita wageuzwe mioyo." Baada ya "mioyoni mwetu" nimeweka alama ya kunyamaza kidogo, maana mwongozo wa Misale, kitabu cha Misa, unaruhusu waamini waombe kimya. Juma lijalo nchi mbili nyingine. Yule dada amefurahi. Mzee bado sijamwonyesha.

Padre nimemtumia kwenye simu. Amejibu kwamba ni nzuri, ila kwenye kunyamaza niandike sekunde ngapi, la sivyo mpiga kinanda atadhani msomaji amesahau na ataanza wimbo wa vipaji. Nimeandika kumi.