Jerikani ya maji iuzwe shilingi ngapi?

Azimio la Umoja wa Mataifa la Julai 2010 lilitambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Halikusema yatolewe bure. Kinachotakiwa ni kila mtu aweze kuyamudu, na hapo Uganda tuna kazi kubwa.

Tupige hesabu ya Kampala. Uniti moja ya maji ni jerikani 50 za lita 20. Kwenye bomba la umma, bei iliyokusudiwa imekuwa karibu shilingi 25 kwa jerikani. Mchuuzi akiuza 200, uniti hiyo inafika 10,000, zaidi ya anavyolipa mwenye bomba ndani ya nyumba yake. Familia ya watu watano inayotumia jerikani tano tu kwa siku italipa 30,000 kwa mwezi badala ya 3,750. Maskini analipia lita ileile bei ya juu kuliko tajiri. Huo ni uonevu, na hautokani na maji kuwa na bei, bali na mikono inayopita katikati: mwenye kiwanja, msimamizi wa bomba, mbeba maji. Mita za tokeni, ambapo mtu hulipia kwanza kwenye kifaa kidogo (tokeni) kisha akakitumia kuchota maji mwenyewe, zilikuja kuwaondoa, lakini tokeni zikibaki mikononi mwa msimamizi, bei inarudi palepale.

Vijijini watu huyaita maji ya pampu ya mkono "ya bure". Ni bure mpaka raba za pistoni ziishe. Dalili yake ni kupiga mpini mara nyingi kabla maji hayajatoka. Raba zenyewe si ghali. Zikiachwa, watu wanarudi kwenye chemchemi chafu. Tatizo zito ni mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki: maji yenye asidi huyala, yakatoka mekundu asubuhi, na bomba likitoboka maji hurudi chini. Hapo inafaa kuweka chuma kisichoshika kutu, japo ni ghali.

Kaya 60 zikichanga shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka ni 720,000: zinatosha raba na fundi. Zichangwe kabla pampu haijaharibika, ziwekwe benki au SACCO kwa sahihi za watu watatu, na hesabu isomwe hadharani; wanakijiji huacha kulipa wasipoona fedha zilikokwenda. Wazee wasiojiweza na wagonjwa wasitozwe. Kuchimba kisima na kubadilisha mabomba yote ni mzigo wa serikali, na wilaya iutengee fedha kila mwaka.