Ganuni ya Idi Pili

Mfungo mzima klabu ilikuwa kimya. Ndiyo desturi ya taarab Unguja: Shaabani ikiisha ala zinapanda kabatini, hazishuki mpaka mwezi wa Idi uandame. Mwaka 2022 Idi el-Fitri iliangukia mwanzoni mwa Mei, masika yamekolea. Tulikuwa tumeahidi kupiga usiku wa Idi pili, na nusu saa ya mwanzo ilikuwa ya vijana: fidla tatu, udi, akodiani, rika ambayo ni tari ndogo, ngoma ya dumbak, na ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imelazwa. Mkubwa wao alikuwa na miaka 19. Mpiga ganuni alikuwa binti wa miaka 15.

Idi mosi alasiri, watu wangali wameshiba biriani, tukafungua kabati. Harufu ya ukungu ilitoka kabla hatujagusa kitu. Chini ya kabati lile huwa tunaacha globu ya wati 40 inawaka usiku na mchana, si kwa mwanga bali kwa joto. Ndilo linalofukuza unyevu. Uniti za umeme ziliisha katikati ya mfungo, na kila mmoja akadhani mwenzake ameongeza.

Dumbak haikutupa kazi. Ngozi ikilegea unaiotesha moto wa makaa dakika chache, huku unaigonga kwa kidole mpaka ilie. Udi ulikuwa na vigingi vilivyovimba, viwili havizunguki kabisa, na kijana wake alishakamata koleo. Tukamnyang'anya. Kigingi kilichovimba ukikilazimisha hukatika shingoni, na kukichonga kipya ni kazi ya siku mbili kwa fundi mwenye mkono. Tukaulaza udi chumba kikavu hadi usiku, vigingi vikasinyaa vyenyewe, kisha tukavitoa kimoja kimoja na kuvipaka chaki na sabuni kavu ya mche. Chaki inashika, sabuni inatelezesha. Ukipaka sabuni tu, kigingi kinarudi nyuma katikati ya wimbo.

Ganuni ndiyo iliyotutoa jasho. Ala hii ina safu 26, kila safu nyuzi tatu za sauti moja, jumla 78, zote zimelala juu ya daraja refu lenye miguu mitano, na kila mguu umekanyaga kipande chake cha ngozi ya samaki. Ngozi ikilewa unyevu inabonyea, daraja linashuka nalo, na sauti zote zinashuka, tena si kwa kiasi kimoja. Tulipoipiga safu kwa safu ilisikika kama soko la Darajani asubuhi. Nyuzi mbili za safu moja, ile ya re ya katikati, zilikuwa zimekatika.

Ganuni huioteshi moto kama dumbak. Gundi yake inayeyuka kwa joto, na mbao za uso zikiachana hakuna Idi tena. Tuliiweka mezani, globu tukaitundika mkono mzima juu ya ngozi, saa tatu, tukaizungusha kila nusu saa ili joto lisikae mahali pamoja. Pembeni tukapanga vifuko vinne vya mchele mkavu.

Nyuzi za dukani hatukuwa nazo, na Idi hakuna duka. Tukatumia mshipi wa kuvulia wa milimita 0.7, unaokaribiana na uzi wa safu ile. Mshipi unafaa, ila una tabia mbaya: mpya hunyooka. Unaupandisha mpaka re, unageuka kunywa chai, ukirudi umeshuka nusu sauti.

"Maalim, imeshuka tena," binti akasema, mara ya nne au ya tano.

"Uvute kwa kidole kwanza, mwanangu. Ufunguo baadaye."

Unauinua mshipi katikati kwa kidole, unauvuta taratibu mara kumi, unaulinganisha kwa ufunguo wa kukazia nyuzi, unarudia. Kwa kawaida huo unyookaji huchukua siku mbili tatu. Sisi tulikuwa na usiku mmoja.

Kosa la wengi ni kulinganisha ganuni kama gitaa, kuanzia uzi wa kwanza na kumalizia wa mwisho. Ukifika wa mwisho, wa kwanza umeshaharibika, kwa sababu kila uzi unaoukaza unaongeza uzito juu ya daraja, ngozi inabonyea zaidi, na zile ulizokwisha kuziweka sawa zinalegea. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza ni wa kukadiria tu: zote juu, haraka, bila kusikiliza sana. Iache dakika 20 itulie. Mzunguko wa pili uwe makini zaidi, na wa tatu ndio wa sikio. Binti aliifanya mizunguko minne, na ilipita saa sita za usiku.

Sauti ya kufuata ilitoka kwenye akodiani, maana ndiyo pekee isiyobadilika. Vyuma vyake havina vigingi. Hapo likazuka jingine. Wimbo wa pili ulikuwa wa bayati, mojawapo ya ngazi za sauti za Kiarabu, inayoanzia re, na mi ya bayati hukaa baina ya mi na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu sauti. Ganuni inaipata kwa kugeuza kikono kidogo cha shaba pembeni mwa safu, fidla na udi zinaipata kwa kidole. Akodiani haina. Mpigaji mzoefu huiruka sauti ile, lakini kijana wetu aliibonyeza kila ilipopita, na kila mara ganuni ikaonekana ndiyo mbovu. Tulibandika plasta ya kidonda juu ya kila mi ya akodiani yake. Kidole kikigusa plasta, kinajua.

Ilipokaribia saa saba za usiku mmoja wetu akashauri ganuni apewe mzee, vijana wapige bila yeye binti. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: wageni wamealikwa, na ala haijatulia. Ila aliyeijua ganuni ile usiku ule, uzi upi unashuka na kwa kasi gani, alikuwa binti peke yake. Kwetu mwanafunzi wa ganuni hukaa miezi mitatu ya mwanzo akilinganisha tu, bila kufundishwa wimbo. Wazazi wengine hulalamika. Kuna wanaodhani kuwasaidia vijana ni kuwashonea sare na kuwapiga picha. Mzee alikataa mwenyewe. Akasema atakaa nyuma na ufunguo wa akiba.

Idi pili walipanda saa tatu na robo usiku. Bashrafu, kipande cha ufunguzi kisichoimbwa, ilikwenda vizuri. Kwenye wimbo wa pili safu ya re ikaanza kuchuja: mishipi miwili inashuka, uzi wa zamani umebaki pale pale, na safu ikatoa ule mtetemo wa nyuki unaoumiza meno. Na bayati hairuhusu kuikwepa re, ndiyo nyumbani kwake.

Wakati huohuo kina mama walianza kutunza. Mmoja alisimama na noti, akaja akichezesha mabega, nyuma yake watatu, nyuma yao wengine sita. Mwimbaji anapotunzwa hawezi kusonga mbele. Anarudia ubeti, na kibwagizo kinazunguka mpaka wa mwisho arudi kitini. Binti aliendelea na kibwagizo kwa mkono wa kulia peke yake, pete na kijibanzi cha kupigia kwenye kidole cha shahada, mkono wa kushoto ukaokota ufunguo. Mshipi wa kwanza aliupandisha katika mzunguko mmoja wa kibwagizo. Wa pili ulimchukua miwili, kwa sababu aliupitisha kidogo na ikabidi aurudishe. Mzee nyuma alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti. Akakaa.

Fedha za tunzo kwetu huingia kapuni, si mfukoni mwa mwimbaji. Asubuhi ya Idi tatu mweka hazina alizihesabu mbele ya vijana, na kabla ya soda wala nauli akatuma mtu kununua uniti za umeme.