Shamba la mama kwenye karatasi ya grafu
Hatimaye tumejua ukubwa wa shamba la viazi la mama kule milima ya Uporoto, Mbeya! Miaka yote ilikuwa "kama eka moja hivi", na mbegu na mbolea zinanunuliwa kwa makisio hayo hayo. Umbo lake ni la ajabu, huku linafuata korongo, kule mteremko.

Mpwa wangu wa sekondari alishika kamba (mlimani ishikwe mlalo, isilale kwenye mteremko, la sivyo vipimo vinazidi). Tukachora pembe kwa mita: (0,0), (60,10), (80,50), (30,70), (10,40). Kisha unazunguka kwa mpangilio: x (namba ya kwanza) ya pembe uliyopo mara y (namba ya pili) ya inayofuata, toa x ya inayofuata mara y ya uliyopo. Tukapata 0, 2200, 4100, 500, 0. Jumla 6800, gawa kwa 2: mita za mraba 3400. Eka ni kama 4047, kwa hiyo ni eka 0.84.

Mama hakuamini. Tukahakiki kwa kanuni ya mwanahisabati Georg Pick ya 1899, ambayo naipenda zaidi maana hata mtoto anaiweza. Mraba mmoja ni mita 10 kwa 10, na pembe zote ziko kwenye makutano ya mistari. Hesabu makutano ya ndani, 32, ongeza nusu ya yaliyo mpakani, yaani nusu ya 6, toa 1. Miraba 34, sawasawa na 3400!

Msimu huu mbolea tunanunua kwa hesabu hiyo.