Sehemu ya Siku Kila Siku

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii linatoka Kutoka 16:4: "na hao watu watatoka kwenda kuokota sehemu ya siku kila siku." Ni habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia Israeli jangwani. Nimekaa na maneno haya tangu mwezi wa tatu, tangu daktari wa hapa Moshi alipotuambia kwamba mama ana leukemia, saratani ya damu, ya aina iliyo sugu.

Mama hakushtushwa na neno saratani. Aliuliza, "Sugu? Ndiyo kusema haiondoki?" Akageuza viganja vyake akavitazama. Viganja hivyo nimevijua vikiwa na sugu tangu utoto wangu, za jembe na za mundu, maana kwetu Machame ng'ombe ni wa zizini na majani hukatwa kila jioni, iwe mvua iwe jua. Hakuna siku mama aliyowahi kukata majani ya mwaka mzima. Alikata ya siku ile.

Kabla ya hapo alikuwa ametibiwa malaria mara mbili na taifodi mara moja. Alichoka bila kazi, alitoka jasho usiku hadi shuka kulowa, na vijiko vitatu vya mtori vilimtosha kwa sababu bandama ilikuwa imevimba ikabana tumbo. Kipimo cha damu ndicho kilichosema kweli. Chembe nyeupe, ambazo kwa mtu mzima huwa kati ya 4,000 na 11,000 katika mikrolita moja ya damu, kwake zilipita 150,000.

Niseme na jambo la pili, maana maneno yalianza kijijini kabla hatujarudi na majibu, na kuna jirani alitajwa. Wapendwa, ugonjwa huu haurushwi na mtu. Ndani ya uboho wa mifupa, kromosomu, yaani nyuzi ndogo ndani ya chembe zinazobeba maelekezo ya mwili, namba 9 na namba 22 hubadilishana vipande, na kutoka hapo chembe nyeupe huzaliana bila breki. Alama yake ilionekana kwa hadubini mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, Marekani. Hauambukizi, wala sisi watoto hatuurithi. Nilipomweleza mama hayo alinyamaza kitambo, kisha akaniagiza nimpelekee yule jirani mkungu wa ndizi.

Dawa yake inaitwa imatinib. Ilianza kutumika rasmi Marekani mwaka 2001, na kabla yake wengi walioupata ugonjwa huu waliishi miaka michache tu. Leo wengi wanaoimeza bila kuruka wanaishi karibu umri wa watu wengine. Kwa mama ni kidonge cha miligramu 400, kimoja kwa siku, pamoja na chakula na glasi nzima ya maji. Balungi tumeacha kabisa, kwa kuwa linavuruga kiwango cha dawa mwilini.

Kidonge kimoja kwa siku. Nilidhani hilo ni jepesi.

Mwezi wa sita vipimo vilikuwa vizuri, mama amerudi kwenye majani yake, anaimba. Nikahesabu vidonge kwenye pakiti, nikakuta kumi na kimoja vimebaki ambavyo havikupaswa kuwepo. Macho yalikuwa yanamvimba asubuhi, misuli ya miguu inamkaza usiku, halafu kuna mpendwa alimwambia kwamba aliyepokea uponyaji hamezi dawa. Nilikasirika. Nikataka kumgombeza mama yangu mzazi. Usiku ule nilisoma Hesabu 21:5, pale Israeli wanaposema nafsi zao zinakinai. Mana ilitoka mbinguni, na bado watu wa Mungu waliichoka. Sikumgombeza. Tulirudi kwa daktari tukamweleza yote, na yale maumivu ya misuli yakatafutiwa nafuu.

Kwako mpendwa uliyempa mama ushauri ule, nakuomba kwa machozi usimwambie mwingine. Mana ilikuwa ya Mungu, na iliokotwa kwa mikono kila asubuhi.

Sisi watoto nasi tulikosea kwa namna yetu. Wiki ya kwanza tulichanga kwa nguvu, nyumba ikajaa watu, sukari na sabuni, tukaona tumemaliza. Wale walioweka mana hadi asubuhi waliikuta na mabuu, na mchango wetu ule mkubwa ulikuwa hivyohivyo: mwezi wa tano fedha ilikuwa imekwisha na kila mmoja akidhani mwenzake anafuatilia. Sasa kuna zamu. Mdogo wangu aliye Arusha hupiga simu saa mbili usiku, wakati mama anakula. Kaka aliye Dar es Salaam analipia vipimo na nauli. Jumamosi ni yangu. Na yupo mama mmoja wa jumuiya yetu ambaye kila Alhamisi anapita na mundu wake, anakata majani, anawawekea ng'ombe, anaondoka. Haketi kutufariji. Sijui kama anajua ametubebea nini.

Jumamosi iliyopita nilimsomea mama sura hii tukiwa jikoni. Alisikiliza hadi mstari wa 35, pale inaposema waliila mana muda wa miaka arobaini, hata walipofika nchi iliyo na watu.

"Miaka arobaini?" akauliza.

"Arobaini, mama."

"Chakula kilekile?"

"Kilekile."

Akanyamaza. Kidonge kilikuwa kiganjani mwake, juu ya zile sugu. Akanyoosha mkono wa pili.

"Haya, nipe maji."