Siku moja maishani mwangu: mtunza jengo la Freemason

Saa 12:40 asubuhi simu inanitoa kitandani kabla ya alamu. Ni binamu yangu wa Tanga, katuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Kaona karatasi kwenye nguzo ya umeme kule Ngamiani, zile za "Jiunge na Freemason upate utajiri", kapiga namba, na jamaa kamwambia atume hela ya fomu kwanza. Sasa anataka nimuunganishe mimi moja kwa moja, "maana wewe dada upo huko huko jikoni kwao."

Hapo kwenye jikoni hajakosea. Mimi ni mtunza jengo na mpishi msaidizi kwenye ukumbi wa Freemason katika mji mdogo wa Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Mama nilimwambia nafanya kazi "lodge", akaelewa gesti, na majirani akawatangazia hivyo hivyo: mwanangu anasimamia gesti Ulaya. Sikumsahihisha. Kati ya gesti na Freemason, Tanga hiyo, gesti ina maswali machache.

Saa 2 kamili nafungua mlango wa nyuma. Kwanza kabisa boila. Jengo lina ghorofa moja, kuta nene za mawe, na Novemba linahifadhi baridi kama friji. Nikichelewa kuwasha, wazee wa jioni watakaa na makoti.

Halafu naisoma kalenda ya ukutani, maana humu hiyo ndiyo katiba. Nje watu wanadhani Freemason ni kundi moja. Humu ndani wanakutana lodge tatu za kawaida, yaani matawi yao, kila moja na jina lake, namba yake, Mkuu wake na kisanduku chake cha pesa. Juu ya hizo kuna vyama vyao vingine wanavyojiunga baadaye, Royal Arch na Mark, na Jumamosi moja moja ukumbi unakodiwa na Freemason wanawake. Ndiyo, wanawake wapo, wana mashirika yao wenyewe, na la kwanza kati ya yale mawili makubwa ya Uingereza lilianza 1908. Nao huitana "brother", kama wanaume. Wageni huwa wanacheka. Mimi nawaonea huruma kwa kukosa neno kama letu la ndugu, ambalo halijali nani kavaa sketi.

Majina ya lodge nimeyazoea, lakini kichwani nazijua kwa siku. Kila lodge ina siku yake isiyobadilika: hawa ni Jumatatu ya pili, hawa Jumanne ya pili, wale Alhamisi ya tatu. Jumatatu ya pili zamani walikuwa na jengo lao mji wa jirani. Wanachama wakazeeka, paa likavuja, wakauza, wakahamia hapa na viti vyao. Viti vyenyewe vizito, vimechongwa, na vya hapa tayari vilikuwepo. Kwa hiyo nina seti mbili za viti vya enzi na chumba kimoja. Nimeshavibeba viti hivyo mara nyingi kuliko Mkuu yeyote alivyovikalia.

Leo ni Jumanne ya pili. Jana usiku walikuwepo wa Jumatatu. Nafungua chumba cha juu nikiomba Mungu wawe wameacha pasafi.

Hawakuacha.

Chumba chenyewe, kwa wanaotaka kujua: hakina madirisha ya kuonekana kutoka mtaani, viti vimepangwa pande nne vikitazamana, katikati kuna zulia la miraba nyeusi na nyeupe kama bao la drafti. Mbele kuna kiti cha Mkuu, upande huo wanauita Mashariki. Wasaidizi wake wawili wanakaa Magharibi na Kusini. Nilipoanza kazi nilifurahi, nikajua kibla nimekipata kirahisi. Nikafungua programu ya simu. Mashariki yao iko kaskazini! Nikamuuliza mzee mmoja, akasema kwa utulivu kabisa kwamba Mashariki ni pale anapokaa Mkuu. Basi. Mimi nasali stoo, pembeni ya viti vya akiba, ambako kibla ni kibla.

Kazi ya zulia inataka subira. Kwenye mraba mweusi unaona kila uzi, kwenye mweupe unaona kila tope. Napitisha mashine ya kuvuta vumbi mara mbili, kisha napiga magoti na kitambaa. Nafuta mawe mawili yaliyokaa karibu na viti vya wasaidizi, moja limeachwa na ukwaruzo wake, jingine limechongwa likawa laini: la kwanza ni mtu kabla hajafundishwa, la pili ni baada. Vumbi linapenda lile la kwanza. Halafu zile mbao tatu za michoro wanazofundishia, moja kwa kila daraja. Mzee wa mlangoni alinisimulia kwamba zamani walikuwa wanakutana kwenye vyumba vya baa, wanachora alama kwa chaki sakafuni, na mkutano ukiisha mtu anapiga deki kufuta kila kitu. Grand Lodge, chombo kikuu kinachosimamia lodge zao, wenyewe wanahesabu ilianza 24 Juni 1717, lodge nne za London zilipokutana kwenye baa karibu na kanisa la St Paul's. Kumbe kushiriki chumba cha mtu ni jadi yao, na deki ni jadi yangu.

Saa 4 asubuhi hadi saa 6 ukumbi wa chini unakuwa wa mama na watoto. Wanalipa kodi ndogo, na kodi hiyo ndiyo inayonunua gesi ya boila. Watoto kumi na mbili, mipira ya plastiki, biskuti zilizosagwa kwenye nyufa za sakafu. Picha za Wakuu waliopita zinawatazama kutoka ukutani na mikufu yao shingoni. Mtoto mmoja leo kamnyooshea kidole mmoja wao mwenye masharubu akasema "babu". Mama yake akaona haya. Sikuona sababu, ni babu wa mtu.

Mchana wote ni viazi. Menyu ya Jumanne ya pili haijawahi kubadilika tangu nifike: supu, nyama ya ng'ombe ya kuoka na vile vimaandazi vya Yorkshire vilivyo na hewa tu ndani, pai ya matufaha na kastadi, jibini. Niliwahi kupendekeza pilau. Kamati ikajadili. Alhamisi ya tatu wakakubali, wakaongeza sahani, hadi leo wananiuliza lini tena. Jumanne ya pili wakanishukuru sana kwa wazo. Ukiishi na Waingereza utajua maana ya kushukuriwa sana kwa wazo.

Saa 9 alasiri anaingia katibu wao kupanga vitu. Dakika kumi baadaye yuko mlangoni mwa jiko, kapauka. Hati haipo.

Kila lodge ina hati ya Grand Lodge inayowaruhusu kukutana, na hati hiyo lazima iwepo chumbani. Bila hati hawafungui mkutano. Na leo kuna kijana anaingizwa, mgeni kabisa, baba yake anasafiri kutoka Wales kuja kushuhudia.

Tukapekua kabati lao: aproni za akiba, vinara vitatu, kisanduku cha kura chenye vigololi vyeupe na vyeusi, vitambaa. Nikaona tena ile Qurani waliyoifunga kwa kitambaa cha kijani, ipo rafu ya juu peke yake. Biblia ndiyo inayofunguliwa kila mkutano, lakini mwanachama Mwislamu akila kiapo anawekewa kitabu chake, na hiyo waliinunua kwa ajili ya daktari mmoja. Aliyeifunga hakufundishwa na mtu, nilimuuliza. Alisema aliona haifai kukaa chini ya aproni. Siku ile nilianza kuwapikia kwa moyo zaidi.

Hati, hakuna. Ndipo nikakumbuka mikoba. Lodge ya jana inaweka hati yake kwenye mkoba mweusi wa ngozi. Lodge ya leo, mkoba mweusi wa ngozi. Jana usiku mtu alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, akakusanya yote miwili, akafungia kwenye kabati lao. Na ufunguo wa kabati la Jumatatu anao mkulima mmoja anayekaa maili tisa kutoka hapa, na saa tisa na nusu mkulima wa Devon anakamua ng'ombe. Simu haipokelewi.

Saa 10 na nusu giza limeshaingia. Hii sitaizoea: Magharibi kuingia saa kumi na nusu! Ukimwambia mtu wa nyumbani anadhani umechanganyikiwa. Nasali stoo haraka, narudi kwenye oveni. Katibu anazunguka ukumbini na simu sikioni.

Saa 11 na nusu mlango wa mbele unafunguka kwa kishindo. Ni mkulima na ufunguo, na viatu vya zizini miguuni. Anapanda ngazi mbili mbili. Sauti yangu ilikuwa haijafika koo. Nilipofika juu alikuwa ameshafungua kabati, mkoba umeonekana, katibu anamkumbatia, na kutoka mlangoni hadi katikati ya zulia kuna nyayo nane za kinyesi cha ng'ombe, sita kati ya hizo kwenye miraba myeupe.

Nikapiga magoti na ndoo. Katibu naye akavua koti akapiga magoti upande wa pili. Mkulima akabaki mlangoni na soksi, viatu mkononi, anaomba radhi kwa kila mtu, hata kwa wasiohusika.

Saa 12 jioni kamili mlango wa juu umefungwa. Nje yake kakaa mzee wanayemwita Tyler, na upanga wake mapajani. Yeye ndiye mlinzi wa mlango, na kwa kuwa jengo ni la pamoja, analinda lodge zote tatu na kulipwa kidogo kila mkutano. Ananiita "mpenzi". Msishtuke, Devon hata dereva wa basi anakuita hivyo, ingawa siku ya kwanza nilikasirika vya kutosha.

Nampelekea chai. Tuko wawili nje ya mlango, mimi na aproni yenye madoa ya manjano, yeye na aproni ya ngozi ya kondoo. Ndani tunasikia kinanda, sauti zikikariri maneno marefu, nyundo, hodi tatu. Hazinitishi tena. Nazitumia kama kengele ya jiko: wakianza wimbo wa kufunga, naingiza vimaandazi kwenye oveni, kwa sababu wimbo, kuvua mavazi na foleni ya choo vinachukua dakika ishirini na tano. Hiyo ndiyo siri ninayoijua.

Niliambiwa watu thelathini na nne. Wameshuka arobaini na mmoja, wageni wamekuja na kijana. Nyama nikaikata nyembamba, viazi nikavitawanya. Baa ina mtu wake, mimi sigusi. Kijana mpya kakaa karibu na Mkuu, uso mwekundu, hajui aanze na uma gani. Baba yake anamwangalia kama watu wanavyomwangalia bwana harusi.

Saa 3 usiku wananyamaza. Wanasimama, wanainua glasi kwa ndugu wasiokuwepo: wagonjwa, waliohama, walio mbali. Saa hiyo haikuchaguliwa hivi hivi, mishale ya saa ya ukutani inafanya pembe mraba, kifaa cha fundi mwashi, na "mason" maana yake ni mwashi. Kwao hiyo ni saa tisa. Nami nilisimama mlangoni na treyi ya pai, kichwani mwangu ni saa tatu, nikaona kwamba hata mshale ungeenda pale kwetu kwenye tatu, pembe ni ile ile. Nikawataja wangu kimyakimya, Tanga na Muheza.

Baada ya hapo ni hotuba, bahati nasibu ya chupa na boksi la chokoleti, mchango wa hisani wa hospisi ya mji. Saa 4 na nusu wanaanza kuondoka. Mkulima, ambaye alibaki akala, alinisaidia kukausha vikombe. Sahani arobaini na moja mara nne, hesabu mwenyewe.

Saa 5 na robo usiku nakumbuka binamu. Namwandikia kwamba hawa ninaowajua ndio wanaolipa, ada kila mwaka, kodi ya jengo, chakula, na mchango juu. Na hata kwetu hawajajificha kwenye nguzo za umeme: jengo lao lipo Dar es Salaam, Sokoine Drive, na Sir Andy Chande, aliyewaongoza Afrika Mashariki miaka mingi, alikuwa akijieleza hadharani kwa jina lake hadi alipofariki 2017. Kisha nikaongeza: muulize huyo jamaa lodge yake inakutana Jumanne ya ngapi.

Tanga ilikuwa saa nane na robo usiku, lakini alijibu palepale. "Kasema wapo kila siku, masaa ishirini na nne."

Nikamwambia asitume hata shilingi. Nikaitenganisha mikoba miwili myeusi, mmoja nikaufunga utepe mwekundu wa boksi la chokoleti, nikazima boila.